Nusu biskuti, halafu nusu nyingine: uchambuzi wa kisa cha kampeni ya dawa mpya za kulevya shuleni, Arusha

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ya kutwa jijini Arusha. Nimeondoa jina la shule, kata, mwaka na ofisi ya umma iliyoendesha kampeni. Majina ya vijana si yao, na mambo mawili matatu ya nyumbani kwao nimeyageuza ili mtu asitambulike. Mfuatano wa matukio sijaugusa. Kijana aliyeugua na mama yake walikubali kiandikwe, na mama alinipa sharti moja tu, nisimfanye mwanawe aonekane mjinga.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa malezi na unasihi wa shule hiyo. Kampeni ilipokuja, mimi ndiye niliyetoa meza. Naitaja meza mapema kwa sababu itarudi.

Mazingira

Shule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 900. Kwenye karatasi tulikuwa walimu wawili wa unasihi. Kwa hali halisi nilikuwa peke yangu, na nilikuwa na vipindi vya Kiswahili kama mwalimu mwingine yeyote. Wanafunzi walikuja kwa vifodi, wengine kwa miguu, na nje ya geti kulikuwa na kijiwe cha toyo, yaani bodaboda, ambacho kilijua habari za shule kuliko ofisi ya taaluma.

Bangi kwao haikuwa ngeni. Nchi nzima mtu akikuambia anavuta "cha Arusha" huna haja ya kuuliza anavuta nini, na habari za mashamba kufyekwa huko Arumeru zimekuwa za kila mwaka. Mirungi nayo wanaijua. Kenya inalimwa na kuuzwa hadharani, huku kwetu ni kosa, na bado inashuka kutoka milima ya Same kwa njia ambazo kila konda anazijua. Pombe ndiyo kabisa. Viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 wengi wa wanafunzi wangu walikuwa wadogo, lakini kaka zao wanakumbuka vizuri. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tulikuwa tunaingia katika shamba ambalo halijalimwa.

Kilichokuwa kipya ni umbo. Redioni na kwenye taarifa za habari kulikuwa na maonyo kuhusu biskuti, keki na pipi zenye bangi, kuhusu skanka, na kuhusu kemikali ambazo hata majina yake hayatamkiki. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ndiyo iliyoleta Mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2017, na elimu kwa umma ni sehemu ya kazi ya kila ofisi inayohusika na vijana. Basi ofisi moja ikaandaa ziara za mashuleni.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno "mpya", kwa sababu lilituponza. Wataalamu wanapozungumzia dawa mpya za kulevya wanamaanisha kemikali zinazotengenezwa maabara ili ziige bangi, heroini au vichangamshi, nyingi zikiwa zimebadilishwa kidogo ili zisiwemo kwenye orodha ya sheria na zipite salama. UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, imeshaorodhesha zaidi ya 1,200. Baadhi hupuliziwa kwenye majani makavu yakaonekana kama bangi ya kawaida, kumbe ni kitu kingine. THC, kile kilichomo kwenye bangi kinacholevya, huugusa ubongo kama mtu anayebonyeza kengele nusu, na kemikali hizi za kuigiza huibonyeza hadi mwisho na kuiachia hapo. Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura mwezi Aprili 2024 kwa sababu ya "kush", na vipimo vilikuta ndani yake kemikali za aina hiyo pamoja na nitazeni, ambazo ni jamaa wa heroini wenye nguvu za kutisha.

Sasa, skanka si kemikali mpya. Ni bangi yenye THC nyingi. Biskuti ya bangi nayo ni bangi ileile ya zamani iliyovaa nguo mpya. Lakini kwenye bango la kampeni, skanka, biskuti, shisha, mirungi na "kemikali hatari" vilipangwa mstari mmoja chini ya kichwa kimoja, kila kimoja na fuvu la kichwa pembeni.

Siku ya kampeni

Siku ya kimataifa ya kupinga dawa za kulevya ni tarehe 26 Juni, na kila mwalimu anajua kwamba Juni wanafunzi wako likizo. Kwa hiyo timu ilikuja mwishoni mwa Mei, siku chache kabla ya kufunga. Iliniingia akilini kwamba tunawapa maneno mazito halafu tunawafungulia geti kwa mwezi mzima. Sikusema kitu. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Walikuja na gari lenye spika, wakapiga muziki hadi shule ya msingi jirani ikatoka nje. Baada ya hapo wanafunzi wote 900 wakaketi kwenye uwanja wa paredi, juani, karibu saa tatu nzima.

Mwezeshaji alikuwa mzungumzaji mzuri. Alikosea mara moja tu, na kosa lenyewe halikuwa lake. Alipopaza sauti, "Vijana wa unga hawafiki miaka thelathini!" upande wa nyuma ukalipuka kwa kicheko. Hakujua kwamba Arusha kuna mtaa unaoitwa Unga Limited, uliopata jina kutokana na kiwanda cha kusaga nafaka, na kwamba kati ya wale 900 wapo waliolala huko usiku uliopita. Ilimchukua dakika tano kurudisha utulivu, na kwa maoni yangu hakuurudisha wote.

Baadaye akasimama kijana aliyeacha heroini. Alisimulia vizuri, kwa unyenyekevu, kuhusu arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa, na kuhusu kuiba redio ya mama yake. Walimu wawili walitokwa machozi. Jioni nikamuuliza mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alichojifunza. Akaniambia, "Mwalimu, yule bro kala unga miaka kumi na bado yuko fiti. Umeona shati lake?"

Halafu meza. Nilikuwa nimeitoa maabara, meza ndefu ya mbao. Juu yake vilipangwa vifungashio vya biskuti na pipi, vitupu, vya rangi kali, pamoja na picha. Wanafunzi walipita kwa mstari, darasa baada ya darasa. Mstari huo ndio uliokuwa na nidhamu kuliko mstari wowote niliowahi kuuona shuleni pale, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Kijana mmoja akauliza, kwa adabu zote, "Samahani afande, hiyo moja inauzwaje?" Akajibiwa. Mwingine akauliza wanazipataje. Akajibiwa pia kwamba siku hizi wauzaji wanaweka kwenye WhatsApp, unaagiza, bodaboda inakuletea.

Kaulimbiu iliyorudiwa hadi watoto wakaiimba ilikuwa "Ukionja, umekwisha." Mwisho tulipewa namba ya bure ya kutoa taarifa za wauzaji, na tukakumbushwa kwamba mtumiaji na muuzaji wote njia yao ni moja, gerezani. Nikasaini fomu. Kipengele kilisema "idadi ya waliofikiwa". Niliandika 900 na ushee.

Kilichotokea likizoni

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya likizo. Vijana watatu wa kidato cha tatu, nitawaita Baraka, Elia na Hamza, walikuwa kwenye geto la kaka yake Elia. Kaka alikuwa safarini. Biskuti iliagizwa kwa simu na ikaletwa na toyo, ndani ya mfuko mdogo wa kaki, kama chipsi. Walichanga fedha za nauli ya wiki.

Kuanzia hapa nasimulia kama walivyonisimulia wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao yalifanana isipokuwa kwenye swali la nani aliyeagiza.

Saa 8 mchana waliikata biskuti katikati. Nusu moja wakagawana watatu, nusu nyingine wakaiweka juu ya redio. Wakasubiri kufa. Nasema hivi kwa sababu Hamza ndivyo alivyoniambia. Walikuwa wanacheka huku moyo unadunda, kwa kuwa wimbo wa "ukionja, umekwisha" ulikuwa bado masikioni.

Saa 8 na nusu, hakuna kitu. Saa 9 kasoro robo, hakuna kitu.

"Si walisema tutakwisha?" Elia akasema. "Chai tupu." Yaani uongo mtupu.

Baraka akainyakua nusu iliyobaki juu ya redio akaila peke yake. Alitaka kuona kama kuna kitu hata kidogo.

Bangi ikivutwa hupanda kichwani kwa dakika chache, na mvutaji anajua mapema kwamba imetosha. Ikiliwa, husafiri kupitia tumbo na ini. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa mbili, kutegemea na mtu na alichokula kabla. Na ini huigeuza THC kuwa kitu kingine ambacho hupenya ubongoni kwa nguvu zaidi na hukaa muda mrefu zaidi, saa nyingi. Kwa hiyo Baraka alipoila nusu ya pili, kipande cha kwanza kilikuwa hata hakijafika. Hakuna mahali popote kwenye bango, wala kwenye saa tatu za spika, ambapo jambo hili lilitajwa.

Kuelekea saa 10 vyote vikafika pamoja. Baraka alianza kusema ukuta unapumua. Akatapika. Akashika kifua akisema moyo unataka kutoka, akaomba wamwite mama, kisha akawasihi wasimwite. Baadaye kidogo akalegea, akawa anajibu kwa miguno tu.

Wenzake walifanya yale ambayo watu wa kwetu hufanya. Walimnunulia maziwa ya pakiti, kwa sababu kila mtu anajua maziwa huua sumu. Walimkamulia limau mdomoni. Walimmwagia maji. Walijaribu kumsimamisha atembee, akaanguka, wakamlaza chali kwenye godoro. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha kumtakia mema, na maziwa na limau kwa mtu aliyelegea na anayetapika, akiwa amelala chali, ni njia ya karibu kabisa ya kumkaba pumzi.

Hamza alitaka wampeleke kituo cha afya. Elia akasema, "Watataka PF3." Mjadala ukaishia hapo. PF3 ni fomu ya polisi ya matibabu, na kwao ilimaanisha polisi, polisi ilimaanisha gerezani, na gerezani walishaambiwa na mtu mwenye spika kwamba hakubagui mtumiaji na muuzaji. Namba pekee ya msaada waliyokuwa nayo ilikuwa ya kutoa taarifa za wahalifu, na kwa hesabu yao wahalifu walikuwa wao. Walikaa naye hivyo karibu saa mbili, mlango umefungwa, redio imeongezwa sauti ili jirani asisikie miguno.

Aliyemwokoa ni dada yake Elia, anayeuza nyanya na vitunguu kwenye genge jirani. Alikuja saa 12 jioni kufuata sufuria. Alimkuta Baraka chali, matapishi shavuni. Hakuuliza swali. Alimgeuza ubavu, akamsafisha mdomo kwa pindo la khanga, akapiga kelele ya toyo. Walikwenda mishikaki, dereva mbele, Baraka katikati, dada nyuma amemkumbatia, na Hamza akakimbia kwa miguu nyuma yao.

Pale mapokezi dada alisema mgonjwa kala sumu, kwa kuwa ndivyo alivyodhani. Hamza alifika akihema, akasimama mlangoni, akasema, "Ni biskuti ya bangi. Kala nusu na kipande." Muuguzi aliyekuwepo aliniambia baadaye kwamba sentensi hiyo ilimpunguzia kazi ya saa nzima. PF3 haikutajwa na mtu yeyote. Walimpima sukari, wakamwekea dripu, wakamfuatilia mapigo na pumzi hadi asubuhi. Aliamka akiwa na njaa.

Biskuti yenyewe ilikuwa imeisha. Ilibaki karatasi yake tu, na mama yake Elia aliichoma moto usiku uleule. Kwa hiyo kama ilikuwa bangi tupu au ilikuwa na kemikali juu yake, haikupimwa. Hata kama kituo kingekuwa na kipimo cha haraka cha mkojo, kipimo hicho huonyesha bangi na si zile kemikali za kuigiza.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Shule ilipofunguliwa Julai, habari ilikuwa imeshafika kijiwe cha toyo na kurudi. Mkuu wa shule alitaka watatu hao wasimamishwe masomo na jambo litangazwe paredi liwe fundisho. Nilipinga, lakini nikiri kwamba hoja zangu hazikumtikisa. Aliyemtikisa ni baba yake Hamza, fundi wa magari, ambaye alikaa kwenye kiti cha ofisi akiwa bado na mikono yenye grisi na akasema, "Mwalimu mkuu, huyu wangu ndiye aliyesema ukweli hospitali. Mkimfukuza kwa kusema, mwenzake akizidiwa mwakani atanyamaza." Mkuu alinyamaza muda mrefu. Uamuzi ukawa kwamba hakuna kusimamishwa wala kutangaza, wazazi wote watatu wanashirikishwa, na vijana wanakutana nami kila Ijumaa kwa muhula mzima.

Nilimpigia mwezeshaji wa kampeni. Nilijiandaa kwa ugomvi, sikuupata. Aliuliza kwanza hali ya mtoto. Halafu akasema ana shule nyingi, siku chache na mafuta ya gari ya kuhesabu, na kwamba mwisho wa mwezi haulizwi watoto walielewa nini, anaulizwa waliofikiwa ni wangapi. Nilikumbuka saini yangu. Tulikubaliana arudi, bila meza, bila spika, na darasa moja moja.

Ugomvi wa kweli niliupata kwenye chumba cha walimu. Nilitaka tuwafundishe wanafunzi mambo mawili: kwamba kitu cha kula huchelewa, na nini cha kufanya mwenzao akizidiwa. Mwalimu wa Baiolojia akakataa waziwazi. "Hilo la kuchelewa ni kuwafundisha namna ya kutumia. Wewe unawapa dozi." Sikumpuuza, na mpaka leo sidhani kwamba alikosea kabisa. Tulimaliza kwa kugawana. Kidato cha tatu na cha nne walifundishwa yote mawili, lakini bila jina la bidhaa, bila bei, bila kiasi, bila picha ya kifungashio. Kidato cha kwanza na cha pili walifundishwa kukataa bila kugombana na rafiki, na mtu mzima gani wamwendee.

Somo la kumsaidia mwenzao tulilifanya kwa vitendo, chini kwenye mkeka. Mmoja analegea, wengine wanamlaza ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeelekezwa chini kidogo ili matapishi yatoke. Hapewi kitu mdomoni, na maziwa tuliyataja kwa jina. Haachwi peke yake. Anapelekwa, na pale mapokezi inasemwa kweli amekula nini na saa ngapi. Hamza ndiye aliyejitolea kulegea. Hakuna aliyemwomba, na hakueleza kwa nini.

Jambo la mwisho tuliloamua lilikuwa dogo na lilichukua mikutano mitatu. Mwanafunzi atakayemleta mwenzake aliyezidiwa, iwe shuleni au kituo cha afya, hataadhibiwa kwa kumleta. Kosa litazungumzwa, lakini siku nyingine, na na mtu mwingine. Mkuu aliliandika kwa mkono wake na kulibandika kwenye ubao wa matangazo.

Matokeo

Mwezi Septemba wasichana wawili wa kidato cha nne waliniletea mwenzao wakati wa mapumziko ya chai. Alikuwa amekunywa dawa ya kikohozi chupa nzima na kinywaji cha kuongeza nguvu. Walikuwa wamemshika kwapa, na yule wa kushoto alikuwa na chupa mkononi ili aionyeshe. Haikupita nusu saa tangu anywe. Kama ningetakiwa kutetea kazi yote ile kwa tukio moja, ningeleta hilo.

Mengine hayakwenda hivyo. Makubaliano na kituo cha afya yalikuwa ya mdomo kati yangu na yule muuguzi, naye alihamishwa Oktoba, na aliyekuja hakuwa na habari. Kikao cha wazazi kilihudhuriwa na watu 31, akina mama karibu wote, na nusu ya muda ilikwenda kwenye mchango wa chakula. Elia hakurudi shuleni Januari. Anaendesha toyo, tunapungiana mikono, na siwezi kusema kwa haki kwamba ni kwa sababu ya biskuti. Muuzaji alibadilisha namba ya simu.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kampeni lilikuwa kutoa tishio ambalo mtoto anaweza kulipima mwenyewe kwa dakika 45. "Ukionja, umekwisha" ni kauli yenye jibu la ndiyo au hapana. Walionja, hawakwisha, na kuanzia hapo kila kitu kingine kilichosemwa kwenye paredi kikageuka chai, pamoja na yale yaliyokuwa kweli. Baraka hakula nusu ya pili kwa sababu alikosa elimu. Aliila kwa sababu elimu aliyopewa ilishindwa mtihani mbele yake. Mama yake aliniomba nisimfanye mjinga, na hapa sihitaji hata kujitahidi: kwa taarifa alizokuwa nazo, alifikiri sawasawa.

Meza ni suala jingine. Sisi tuliiona kama onyo, watoto waliiona kama duka lililofungwa. Lakini zaidi ya bei na njia ya kuagiza, meza ilisema kitu ambacho hakuna aliyekikusudia, kwamba vitu hivi viko kila mahali na wenzako wanavitumia. Wamarekani walilipia somo hili kwa bei ghali. Kati ya mwaka 1998 na 2004 bunge lao lilitenga karibu dola bilioni 1 kwa kampeni ya matangazo ya kuwaonya vijana, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 haikukuta kwamba matangazo yalipunguza uvutaji wa bangi. Kulikuwa hata na dalili za kinyume, na maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba mtoto anayeonywa kila siku huishia kuamini kila mtu anavuta. Sisi tulifanya hivyo hivyo kwa meza ya maabara na gari moja la spika.

Kuhusu ushuhuda wa aliyeacha, najua nitawaudhi wengi. Miongozo ya kimataifa ya kinga iliyotolewa na UNODC, ile ya 2013 na toleo la pili la 2018, inauweka ushuhuda wa namna hiyo shuleni katika mambo yasiyoleta matokeo, pamoja na kutisha watoto. Yule kijana ana mahali pake, tena pakubwa: vituo vya tiba, kwa wanaoanza methadone, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, kwa wazazi waliokata tamaa. Mbele ya mtoto wa miaka 15 ambaye hajagusa kitu, hadithi yake ni ya shujaa aliyeingia motoni akatoka na shati zuri.

Jambo ambalo lingemuua Baraka, hata hivyo, halikuwa biskuti bali ule mlango uliofungwa kwa saa mbili. Na mlango ule tuliufunga sisi. Sauti ileile iliyosema "tunawapenda" ilisema "gerezani", kwa spika ileile, na mtoto akishikwa na hofu hukumbuka neno la pili. Sisemi sheria isitajwe. Nasema asiyetaka mtoto afe asiifanye namba ya polisi kuwa namba pekee anayompa.

Ule mkusanyiko wa kila kitu chini ya neno "mpya" nao ulikuwa na gharama. Watoto wanaojua mirungi tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao waliona fuvu lilelile pembeni ya mirungi na pembeni ya kemikali zinazoweza kumzimisha mtu kwa kiasi kisichoonekana. Wakachukua wastani. Kama ningeandika bango leo, kemikali zingekuwa na bango lake peke yake, na lingesema jambo moja: hata anayekuuzia hajui kilichomo.

Kwa haki ya ile timu, vifungashio vyao havikuwa bure. Mama mmoja mwenye genge karibu na shule, aliyekuja kuchungulia kutokana na muziki, aliniambia tangu siku ile hupekua pipi anazoletewa na wachuuzi asiowajua, na alishamrudisha mmoja. Taarifa ilikuwa nzuri, ilipewa watu wasiohusika. Meza ile ingekwenda kwenye kikao cha wenye maduka, maofisa wa toyo na wazazi, ningeitoa tena bila kusita.

Kosa langu sitalipunguza. Nilijua tarehe za likizo, niliona mstari ule wa meza ulivyonyooka, na nilisaini.

Sanduku la maswali tuliloweka Julai bado lipo nje ya ofisi yangu ya zamani. Mwezi wa kwanza karatasi nyingi zilikuwa malalamiko ya makande na barua za mapenzi zilizokosa anwani, na nikakaribia kuliondoa. Karatasi niliyoisoma kwenye kikao cha walimu wiki ya kufunga mwaka ilikuwa imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa, bila jina. "MWALIMU MMESEMA TUMLETE ALIYEZIDIWA. AKIWA NI MWALIMU NA NI POMBE TUMPELEKE KWA NANI?" Mwalimu wa Baiolojia alicheka kwanza, halafu akaacha. Mkuu alichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.